Dreva Ibaki Mfukoni

Abiria wa basi la Lindi au Mtwara wakishapita Mkuranga na Kimanzichana hufika Bungu, wilayani Kibiti, bila kuona hata kiwanja kimoja cha gofu njiani. Wanakuwa wameona minazi, mikorosho, mashamba ya mihogo, magunia ya mkaa na watoto wakicheza mpira kwenye viwanja vyenye mchanga mwingi kuliko nyasi. Viwanja vya gofu vilivyo karibu viko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 nyuma yao: kile cha Gymkhana, katikati ya jiji karibu na bahari, na kile cha Lugalo, kilicho chini ya Jeshi la Wananchi. Anayezungumzia gofu akiwa Bungu, basi, anajitafutia kuchekwa.

Wacha wacheke. Mchezaji wa ridhaa, yule anayecheza Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu, mara nyingi huharibiwa na vitu ambavyo Bungu havipo: kiwanja kirefu kinachomtamanisha kupiga mbali, watazamaji wenye vinywaji kwenye baraza ya klabu, na mfuko uliojaa fimbo asizozimudu. Kubwa lao ni dreva, fimbo ndefu yenye kichwa kinene ambayo kazi yake ni kuupeleka mpira mbali kadiri inavyowezekana. Mtu akipewa fimbo moja ya chuma, namba 7, pamoja na mipira michache na uwanja wa mchanga, atajifunza kwanza yale yanayookoa mikwaju. Na gofu, kwa wasioifuatilia, ni mchezo wa kuokoa mikwaju: anayeingiza mpira kwenye mashimo yote kwa mapigo machache ndiye mshindi. Umbali hauna kombe lake.

Ushahidi mzuri ulitokea Julai 1999 huko Carnoustie, Scotland. Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la 18, la mwisho kabisa katika mashindano ya The Open, akiwa mbele ya wenzake kwa mikwaju mitatu. Shimo hilo lilikadiriwa kuchezwa kwa mikwaju minne. Yeye angeweza kupiga sita na bado akabeba kombe. Angetosheka na fimbo za kati, asogee taratibu, akwepe kijito kilichopita pale, aingize mpira, apige picha na familia.

Alichomoa dreva.

Mpira ulikwenda kulia mno, ila bahati ikamlinda haukuingia majini. Badala ya kushukuru na kurudi njiani, akachukua fimbo ndefu nyingine. Safari hii mpira uligonga jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma na kuzama kwenye majani marefu. Mkwaju uliofuata ukaishia kwenye kijito kiitwacho Barry Burn. Watazamaji wa televisheni wakamwona Mfaransa wa watu akivua viatu na soksi, amekunja suruali, amesimama ndani ya maji akitafakari kama aupige mpira hapo hapo ulipo. Akapata busara, akakubali adhabu, lakini mkwaju wa baadaye ukatua kwenye shimo la mchanga. Alimaliza kwa mikwaju saba, akalazimika kucheza mashimo ya ziada, na kombe likachukuliwa na Paul Lawrie wa Scotland, ambaye asubuhi ya siku ile alikuwa nyuma kwa mikwaju 10.

Mwaka mmoja kabla yake, Mmarekani John Daly alitumia mikwaju 18 kwenye shimo moja tu huko Bay Hill, Florida, kwa sababu alishikilia kuvusha mpira juu ya ziwa kwa fimbo ndefu na ukadumbukia majini mara sita. Hawa ni watu waliolipwa kwa kazi hiyo, wenye vipaji na makocha. Mkurugenzi wa kampuni ya usafirishaji anayecheza mara mbili kwa mwezi akisimama kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, mbele ya wateja wake, akavuta pumzi na kuchomoa dreva mpya yenye bei ya pikipiki iliyochakaa, mwisho wake unajulikana kabla hajapiga. Kedi, anayembebea mfuko wa fimbo, anaujua. Ndiyo maana huwa ameshaanza kutembea kuelekea vichakani.

Haki itendeke hata hivyo. Kuna msemo mkongwe wa wacheza gofu kwamba kupiga mbali ni maonyesho na kuputi, yaani kuubingirisha mpira hadi shimoni, ndiko kunakoleta hela, na walimu wengi wameurudia miaka nenda rudi. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliuchunguza kwa takwimu za mikwaju mingi mno ya mashindano ya Marekani, na mwaka 2014 akatoa kitabu kilichowaudhi wahubiri wa msemo huo. Alichokuta ni kwamba takribani theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na yule dhaifu hutokana na mikwaju ya mbali, ile inayopigwa nje ya yadi 100 kutoka shimoni. Kwa hiyo atakayemwambia mchezaji wa Bungu kwamba mkwaju mrefu hauna maana atakuwa anamdanganya.

Ila theluthi mbili hizo hazidai dreva kwa anayeanza. Tofauti inayomuumiza zaidi mtu wa ridhaa ni ile mikwaju mibaya kupindukia: mpira uliopotea, uliozama, uliogonga mti na kurudi nyuma ya aliyeupiga. Mpira ukipotea, kanuni inataka mtu ahesabu adhabu ya mkwaju mmoja na arudi kupiga pale pale alipopigia awali. Kimsingi amelipa mikwaju miwili na hajasogea hata hatua. Fimbo namba 7 inayokwenda mita 120 na kubaki njiani, ikipigwa mara tatu, inafika mita 360. Huo ndio urefu wa mashimo mengi ya kawaida, na mpira bado ni ule ule uliotoka nao nyumbani.

Tatizo jingine ni uongo. Waulizwe wanaume watano wa klabu yoyote namba 7 yao huenda umbali gani. Kila mmoja atataja ule mkwaju mmoja wa mwaka juzi, siku upepo ulipokuwa mgongoni na ardhi imekauka. Kwenye ugonjwa huu wana mwenzao mashuhuri. Februari 1971 mwanaanga Alan Shepard wa chombo cha Apollo 14 aliunganisha kichwa cha fimbo namba 6 kwenye mpini wa kifaa cha kukusanyia sampuli, akapiga mipira miwili mwezini na kutangaza kwamba mmoja wao umekwenda maili kadha wa kadha. Nusu karne baadaye mtaalamu wa picha, Andy Saunders, alizisafisha picha za safari ile na kupima. Mpira wa kwanza ulikuwa umekwenda yadi 24. Wa pili, ule wa maili, yadi 40. Na mwezini hakuna upepo wa kusingizia.

Dawa yake ni rahisi, na uwanja wa shule pale Bungu unaitosha. Mchezaji apige mipira kumi kwa fimbo ile ile, bila kukamia, kisha ahesabu hatua hadi ulipo kila mmoja. Auache kando ule uliokwenda mbali kuliko yote na ule uliodunda miguuni. Wastani wa minane iliyobaki ndio umbali wake halali, wa kuuapia mahakamani. Akishaujua, ataona kwamba siku zote amekuwa akichukua fimbo ndogo, yaani ya umbali mfupi, kuliko inayotakiwa. Mipira mingi ya wachezaji wa ridhaa huishia mbele ya grini, ile sehemu laini yenye shimo, ni michache sana inayopitiliza. Ushauri wa makocha karibu wote hapa unafanana: ukisita kati ya fimbo mbili, shika kubwa na upige kwa utulivu.

Mtu wa mwambao ana sababu ya ziada ya kulizingatia hilo. Kusi na kaskazi haviulizi mtu ana cheo gani. Unapopiga kuelekea upepo unakotoka, kutumia nguvu kunazidisha mzunguko wa mpira, nao hupanda juu, husimama hewani na kurudi chini pale pale. Fimbo kubwa zaidi, mshiko ulioshushwa kidogo kwenye mpini na mwendo wa pole huuweka mpira chini ya upepo. Mchezaji aliyejifunzia kwenye uwanda wa minazi anakuwa ameshalijua somo hili kabla hajalipia ada ya klabu.

Kuhusu mkao na mshiko yameandikwa mengi, na mengi yake humvuruga mtu. Anayepiga kwa mkono wa kulia aanze na mawili. La kwanza, mkono wa kushoto ugeuzwe kidogo kulia juu ya mpini, kiasi kwamba akitazama chini anaona vifundo viwili au vitatu vya vidole. Wengi wanaolia kwamba mpira wao hupinda kulia wameshika fimbo kwa namna inayouacha uso wa fimbo wazi unapogusa mpira, na mpira huanza safari kwa kufuata zaidi uso huo ulikoelekea. La pili, alaze kijiti ardhini kikielekea anakolenga na asimame miguu ikiwa sambamba nacho. Atashangaa kugundua kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akilenga duka la jirani.

Mkaazi wa Bungu ana jambo moja la kuwazidi watu wa mjini: ameshika fyekeo tangu shule ya msingi. Mzunguko wa mwili, uzito unaohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, mikono inayofuata badala ya kutangulia, vyote vimo kwenye kufyeka majani kwa masaa bila kuchoka. Hakuna afyekaye kwa hasira akamaliza eneo lake. Fimbo ya gofu inadai mwendo huo huo wa kiasi, ambapo uzito wa kichwa cha fimbo ndio unaofanya kazi. Mtu aliyejifunzia ofisini kwa kutazama video hukaza mabega, husaga meno, na mpira husogea mita tisa.

Wanaume, hasa, wangefaidika wakiacha kuwatazama wababe wa Marekani na kuwatazama wanawake wa kulipwa. Kasi ya fimbo ya mwanamume wa kawaida inakaribiana zaidi na ya wanawake hao kuliko ya wale wababe, lakini wao huupeleka mpira mbali kuliko yeye na huuona ulipoangukia. Hakuna haja ya kwenda Ulaya kuwaona. Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, imewahi kuwa mwenyeji wa mashindano ya msururu wa Ulaya wa wanawake wa kulipwa. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda pale mwaka 2019, na Aditi Ashok wa India mwaka 2023. Ashok hasifiki kwa kupiga mbali. Anasifika kwa kile kinachotokea mpira ukishakaribia shimo. Na hapa nyumbani mtu anaweza kumtazama Madina Iddi wa Arusha au Angel Eaton wa Dar es Salaam, waliokwishavaa jezi ya timu ya taifa, akajifunza zaidi kwa mashimo matatu kuliko kwa mwezi mzima wa kubishana na rafiki zake.

Turudi kwenye mchanga, maana ndiko Bungu kwenye utajiri.

Severiano Ballesteros, aliyekuja kuwa bingwa wa The Open mara tatu na wa Masters mara mbili, alikulia kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania. Akiwa mtoto hakuruhusiwa kucheza kiwanja cha klabu kwa kujitakia, hivyo alikwenda ufukweni na fimbo moja kuukuu, namba 3, akapiga kokoto na mipira kwenye mchanga siku nzima. Namba 3 ni fimbo ngumu. Haikutengenezwa kwa ajili ya kuinua mpira mchangani wala kuudondosha taratibu karibu na shimo. Seve aliilazimisha kufanya yote hayo kwa kufungua uso wake, kuufunga, kuchelewesha viganja na kuviwahisha. Alipofika kwenye viwanja vya kifahari hakuna mahali palipomtisha. Mwaka 1978 alikuja Muthaiga, Nairobi, akashinda Kenya Open. Mwaka uliofuata alishinda The Open ya Uingereza, na katika mashimo ya mwisho mpira wake mmoja uliangukia eneo la kuegesha magari, naye akaumalizia shimoni kwa mikwaju pungufu ya iliyokadiriwa.

Afrika Mashariki yenyewe ina historia ya gofu ya mchanga. Kabla ya mabomba ya umwagiliaji, vilabu vingi vidogo vya ukanda huu havikuwa na grini za nyasi. Vilikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili ili usipeperuke, na mchezaji alipewa kifaa cha kusawazisha mstari kabla ya kuputi. Mchezo ulikuwa halali kabisa. Duara la namna hiyo linaweza kutengenezwa Bungu kwa reki, ubao na jasho la jioni moja, bila hata hiyo oili, ambayo ni vyema isimwagwe ardhini. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, kwa hiyo kopo lolote lenye mdomo wa sentimita 11 hivi likifukiwa litafaa.

Hapo sasa pana shule. Mchezaji asimame hatua tatu kutoka kwenye kopo na aputi, lengo likiwa kwamba mpira ukikosa usimame ndani ya urefu wa fimbo. Kisha hatua sita. Kisha kumi. Kosa la wachezaji wa ridhaa kwenye kuputi kwa kawaida ni la umbali kuliko la mwelekeo: mtu analenga vizuri lakini anaacha mpira hatua tatu nyuma, au anaupitiliza hatua nne, na mikwaju miwili inageuka mitatu. Na asijilaumu kupita kiasi. Wachezaji bora wa Marekani, kwenye grini laini, wakiwa futi 8 kutoka shimoni, sawa na mita 2.4, huingiza takribani nusu tu. Wakiwa futi 20 huingiza kama 15 kati ya 100. Bwana wa Jumamosi anayetupa fimbo chini kwa sababu amekosa puti ya mita tatu anadai kiwango ambacho hata mabingwa hawana.

Mpira ukiwa nje kidogo ya duara, asijaribu kuurusha juu kwa madaha. Aweke uzito kwenye mguu wa mbele, viganja vitangulie kidogo, apige kwa mwendo wa kuputi kwa ile ile namba 7, mpira uruke kidogo na ubingirike. Ukirushwa juu unaweza kukosea kwa njia mia. Ukibingirika, njia za kukosea ni chache. Na ukiwa mchangani kweli, kwenye banka, lile shimo la mchanga, kuna siri ambayo Seve aliifahamu akiwa mtoto: fimbo haigusi mpira. Inaingia mchangani vidole viwili au vitatu nyuma yake, inapita chini, na mchanga ndio unaoutoa mpira nje. Anayeogopa husimamisha fimbo katikati ya safari, na mpira hubaki pale pale ukimtazama. Akumbuke pia kwamba mashindanoni haruhusiwi kuugusa mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira kabla ya kupiga.

Kanuni zina mengi ya kumsaidia mtu wa kawaida, ila wachache huzisoma. Tangu mwaka 2019 muda wa kuutafuta mpira ni dakika 3, wala si 5 kama zamani, jambo ambalo vikundi vya Jumapili bado vinajifanya havijasikia. Inapendekezwa mtu apige ndani ya sekunde 40 zamu yake ikifika. Bendera inaweza kuachwa shimoni wakati wa kuputi. Mfuko hauruhusiwi kuzidi fimbo 14, na anayebeba zote wakati anamudu tatu anampa kedi wake mazoezi ya viungo tu.

Kanuni ya 16.2 inawahusu watu wa Rufiji moja kwa moja. Inasema mpira ukiwa karibu na mnyama wa hatari, kama nyoka mwenye sumu au nyuki wakali, mchezaji ana haki ya kuuhamisha bila adhabu. Huko Jinja, Uganda, kwenye kiwanja kilicho jirani na chanzo cha Nile, klabu ilikuwa na kanuni yake mashuhuri: mpira ukitua kwenye alama ya unyayo wa kiboko, uinue na uuweke pembeni bure. Delta ya Rufiji ina viboko na mamba wa kutosha kuandikiwa kitabu kizima cha kanuni. Wakati kitabu hicho kinasubiriwa, mpira ukidumbukia kwenye maji ya huko usifuatwe. Van de Velde alivua viatu kwa sababu Barry Burn haina mamba.

Hatari ya Bungu yenyewe ni ndogo kwa umbo. Kwenye mikorosho huishi maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, na wataalamu wa kilimo huwapenda kwa sababu huwala wadudu wanaoharibu korosho. Mpira ukisimama chini ya mkorosho wenye maji moto, kamati ya mashindano italazimika kuamua kama hao ni wanyama wa hatari au ni usumbufu tu. Mchezaji aliyekwisha kuingiliwa nao ndani ya shati hatakuwa na subira ya kungoja uamuzi.

Hatari kubwa, isiyo ya utani, ni mpira wenyewe. Una uzito usiozidi gramu 46 lakini ni mgumu na huenda kasi. Unaweza kumtoa mtu jicho au kumuua. Mazoezi yafanyike wakati watoto hawapo uwanjani, asisimame mtu mbele wala karibu na mzunguko wa fimbo, na kamwe usipigwe mkwaju kuelekea barabara ya Kilwa. Kioo cha mbele cha basi la Masasi si lengo, na kondakta wake hatataka kusikia habari za kusi.

Akishazoea, na siku akapata nafasi ya kwenda Lugalo au Gymkhana, aombe kucheza kwa mfumo wa Stableford. Daktari Frank Stableford wa Uingereza aliuingiza mashindanoni mwaka 1932 katika klabu ya Wallasey, akiwahurumia watu ambao shimo moja baya lilikuwa likiwaharibia siku nzima. Kwa mfumo huo mtu hukusanya pointi kwa kila shimo. Akiharibu, anapata sifuri, anaokota mpira na kwenda zake. Mfumo wa dunia wa handikapu, ile nyongeza ya mikwaju kwa mchezaji dhaifu, ulioanza mwaka 2020 nao ni rafiki wa wanyonge: huchukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, na anayeanza anaweza kupewa hadi mikwaju 54 ya nyongeza. Kuna wanaozificha raundi zao nzuri ili wabaki na handikapu kubwa na kuondoka na zawadi kila mwezi. Klabu zote zinawajua, na zawadi hizo huwa hazina ladha mezani.

Zaidi ya yote amsikilize kedi. Huyu hupita kiwanja kile kila siku, anajua upepo unavyogeuka kwenye shimo la tano na mteremko wa grini ambao macho hayauoni. Baadhi ya wachezaji wakubwa wa bara hili walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Sewsunker Sewgolum wa Durban, aliyefahamika kama Papwa, alikuwa kedi mwenye mshiko uliogeuzwa, mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, kinyume cha mafundisho yote, naye alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Dismas Indiza wa Mumias, magharibi mwa Kenya, naye aliinukia kwenye kazi hiyo hadi akawa miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wanaoheshimika Afrika Mashariki. Mtu mwenye tai ya klabu shingoni anayempuuza kedi na kuchomoa dreva anapuuza ushauri alioulipia.

Yupo atakayeuliza Bungu ipate wapi ardhi, wakati korosho ndiyo inayolipa ada za shule. Ni swali la haki, na jibu ni kwamba Bungu haihitaji kiwanja cha mashimo 18 kinachomeza makumi ya hekta na maji mengi. Mkorosho mmoja unaozaa una thamani kuliko grini ya maonyesho. Mashimo matatu ya mchanga pembeni mwa uwanja wa mpira, yanayotumika saa ambazo timu haifanyi mazoezi, yanatosha kumjua mtoto mwenye mkono mzuri na kumpeleka mbele. Chama cha Gofu Tanzania na vilabu vya Dar es Salaam vinaweza kuanza na shule moja ya Kibiti, mwalimu mmoja wa michezo na ratiba inayotenganisha saa za mpira wa miguu na saa za gofu.

Wasipoanza wao, wapo wachezaji wa ridhaa wanaopita Bungu kila wiki wakielekea Kilwa, Lindi na Mtwara, na wengi wao wana fimbo za zamani zilizosahaulika stoo tangu waliponunua mpya. Wasimamishe gari kwenye shule moja pale, wakabidhi ofisini namba 7 moja na mipira kumi na miwili, na wamweleze mwalimu ile habari ya kopo na hatua tatu. Dreva waondoke nayo.